Pawa saplai inapiga kelele kwenye PC ya gemu: dalili, chanzo, na ipi ununue ikibidi

Kila wiki kuna mtu ananitumia voisi noti ya PC yake inavyolia, alafu swali ni lilelile, "fundi, ninunue pawa saplai gani isiyo na kelele?" Nikisikiliza zile voisi noti nakuta huyu feni yake imechoka, yule koili za kadi ya grafiki zinapiga mluzi, mwingine anaungurumisha mashine kwenye inveta ya bei rahisi, na wote watatu wanataka kununua kitu kimoja. Pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha umeme PC nzima, kwa mashine kubwa ni hela ndefu jamani. Ukiinunua bila kujua kelele inatoka wapi unaweza ukaifunga vizuri kabisa, ukawasha, na ukaukuta ule mluzi uko palepale unakusubiri.

Kwa hiyo tutaenda dalili kwa dalili. Ila niseme mapema kitu kimoja nilichokiona kwenye mashine nyingi nilizofunga hapa Dar: feni ya pawa saplai haikimbii bure, inakimbia kwa sababu kuna joto la kutoa nje. Ukipunguza joto linalozalishwa mle ndani, au ukaipa hewa ya baridi, inatulia yenyewe. Watu wanahangaika na jina la kampuni na taa za rangi, wakati cha kuangalia ni joto.

Kwanza, ni pawa saplai kweli?

Chukua karatasi ya A4 uikunje iwe kama bomba, upande mmoja sikioni, upande wa pili usogeze polepole nje ya kesi: nyuma kwenye matundu ya pawa saplai, alafu kwenye kadi ya grafiki, alafu feni za mbele. Fanya usiku nyumba ikiwa imetulia, zima feni ya dari na AC. Usiingize bomba wala kidole kwenye feni inayozunguka, wewe sikiliza tu kutoka nje. Kitu kidogo hivi lakini kinanisaidia kuliko programu yoyote, kwa sababu kesi nzima inatetemeka na sikio likiwa mbali linadanganyika, unaapa sauti inatoka chini kumbe inatoka katikati.

Kuna kijana mmoja Sinza alikuwa tayari ameshatenga hela ya pawa saplai mpya, kelele ilikuwa ni tik-tik-tik-tik inayoongeza kasi akifungua gemu. Nikapitisha bomba la karatasi, pawa saplai kimya. Nikapanda juu kwenye kadi ya grafiki, pale ndo nikasikia. Kumbe mkia wa zip-tai, ule mkia mgumu ambao mtu alisahau kuukata wakati anafunga waya, ulikuwa unaguswa na ncha za feni ya kadi kila inapozunguka. Nikazima mashine, mkasi, nikakata mkia, nikawasha, kimya. Hela yake ikabaki mfukoni.

Kama una mashaka bado, ingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaoufungua PC inapoanza kuwaka, ushushe feni za kesi na za prosesa mpaka spidi ya chini kabisa kwa dakika moja mbili, mashine ikiwa haina kazi. Kelele ikibaki vilevile basi mhusika ni mmoja kati ya pawa saplai, kadi ya grafiki au pampu ya maji kama unayo. Pampu zinavuma sauti moja isiyobadilika, ukiishika kwa vidole unaisikia inatetemeka.

Dalili: mluzi mwembamba, iiiiiii, unabadilika ukizungusha kamera kwenye gemu

Huu ni mluzi wa koili. Ndani ya kadi ya grafiki na ndani ya pawa saplai kuna koili za waya wa shaba, umeme ukipita unakatwa na kuwashwa maelfu ya mara kwa sekunde, koili zinatikisika kidogo sana, na mtikisiko ukiangukia kwenye masafa ambayo sikio linasikia basi unapata mluzi. Hakuna kilichoharibika na hautaunguza kitu. Unaudhi tu, na kwa mtu mwenye masikio mepesi unaudhi sana, sipuuzi hilo.

Mara nyingi unatoka kwenye kadi na si pawa saplai. Namna ya kujua ni rahisi: fungua gemu ukae kwenye menyu, zile menyu ambazo kadi inatoa fremu, yaani picha, mia tano au elfu kwa sekunde bila sababu yoyote. Mluzi ukipanda hapo, sasa weka ukomo wa fremu, sema 120 au kulingana na skrini yako. Ukishuka au ukapotea kabisa umeshapata jibu na hujatumia hata senti. Ukomo unauweka kwenye programu ya NVIDIA au AMD yenyewe, unafanya kazi kwa magemu yote.

Kama bado, punguza umeme wa kadi. RTX 4090, ile kadi kubwa ya NVIDIA, ikiwa ya kiwandani inaruhusiwa mpaka wati 450, ukiishusha kwenye programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 70 au 75 utendaji unapungua kidogo tu ambacho wengi hawakioni kwa macho, lakini mluzi unashuka, joto linashuka, na feni ya pawa saplai nayo inatulia kwa sababu mzigo wake umepungua. Hii ndo tiba ninayoipenda kuliko zote maana ni ya bure na inagusa kila kelele kwa pamoja.

Bomba la karatasi likikuonyesha mluzi uko kwenye pawa saplai yenyewe, jaribu kwanza kuichomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja bila UPS wala stabilaiza. Ikiendelea, na iko ndani ya warantii, irudishe. Usikubali kuambiwa "itazoea". Wengine wanakuambia uifungue umwagie gundi kwenye koili, hapana, usifungue pawa saplai. Ile kapasita kubwa ya mle ndani inashika umeme wa karibu volti 400 na inaweza kubaki na chaji hata ukiwa umeshachomoa waya. Hapo hakuna mjadala.

Dalili: imetulia ukiwa YouTube, ukiingia gemu inanguruma kama dryer ya nywele

Hii ndo kesi kubwa na ndo hapa watu wanapokosea kununua, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua mashine yenye RTX 4090 na prosesa kama Ryzen 7 7800X3D. Kadi ikibanwa inakula mpaka 450, prosesa kwenye gemu tuseme 80, madabodi na SSD na feni na taa tuweke 60 hivi. Jumla karibu 590, tuite 600. Sasa ukiwa na pawa saplai ya wati 750 inafanya kazi kwa asilimia 80 muda wote wa gemu. Ya 850 ni kama asilimia 70. Ya 1000 ni 60. Ya 1200 ni nusu tu. Pawa saplai nyingi zimepangiwa feni iende polepole mpaka kwenye asilimia 50 au 60 hivi, baada ya hapo spidi inapanda kwa kasi. Kwa hiyo ile 750 "inatosha" kwa maana kwamba mashine inawaka na gemu linacheza, lakini umeinunulia kazi ya kukimbia saa zote. Kampuni ya kadi inapoandika kwamba 4090 inahitaji pawa saplai ya 850, au RTX 5090 ya wati 575 inahitaji 1000, inakuambia kiwango cha mashine kufanya kazi vizuri, kelele si sehemu ya hesabu yao.

Alafu kuna ufanisi, zile Bronze, Gold, Platinum za cheti cha 80 PLUS. Watu wengi wanafikiri ni habari ya bili ya umeme, na ni kweli inasaidia kidogo, ila kwa mtu anayetafuta ukimya maana yake ni nyingine. Kwa kipimo cha 230 V, Bronze inatakiwa ifikishe asilimia 88 kwenye nusu ya mzigo, Gold 92, Platinum 94. Sasa piga hesabu na zile wati 600 zetu. Bronze inavuta ukutani kama 682, maana yake wati 82 zinageuka joto mle ndani ya kile kiboksi. Gold inavuta 652, joto ni 52. Platinum 638, joto ni 38. Kati ya Bronze na Platinum kuna tofauti ya wati 44, ni kama umechukua balbu moja ya kizamani ya wati 40 ukaiwasha ndani ya pawa saplai ukaifunga humo. Nani atalitoa hilo joto? Feni. Ndo maana mimi kwa mashine kubwa Bronze siigusi kabisa, naanzia Gold. Platinum kama hela ipo. Titanium ni nzuri lakini bei inaruka mno na tofauti yake na Platinum kwenye kelele ni ndogo, hiyo hela bora uiweke kwenye wati za ziada.

Ukikuta namba zinatofautiana kidogo na hizi usishangae, vyeti vingi vinapimwa kwa 115 V ya Marekani ambako Gold inatakiwa 90 tu kwenye nusu ya mzigo. Pawa saplai ileile ukiileta kwetu kwenye 230 V ufanisi unapanda kidogo.

Na sasa joto la chumba. Hapa pwani mwezi wa pili chumba bila AC saa tisa mchana kina nyuzi 32 au 33, na ndani ya kesi kwenye kadi ya wati 450 ni zaidi. Mimi niliwahi kuweka kipima joto kidogo cha jikoni chini ya kadi kwenye mashine yangu, baada ya saa moja ya gemu kilisoma 44. Na pawa saplai yangu wakati huo ilikuwa imefungwa feni ikiangalia juu, yaani inavuta hewa ileile ya nyuzi 44 kwenda kujipoza nayo! Nikaigeuza feni iangalie chini, kwenye matundu ya sakafu ya kesi, ivute hewa ya chumba. Dakika kumi za bisibisi. Usiku ule ule gemu lilelile, feni haikupanda tena kama mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya haya kwanza: angalia feni ya pawa saplai inaangalia wapi. Ikiwa chini, angalia kesi imekaa juu ya nini. Kapeti, zulia, mkeka, hata kile kitambaa cha meza cha kufuma, vyote vinaziba matundu. Weka kibao au ipandishe kesi kidogo miguu ipate nafasi. Alafu chomoa kile kichujio cha vumbi cha chini, wengi hawajui hata kama kipo, kinachomoka kwa nyuma au pembeni kama droo. Nimewahi kuvuta kimoja kikatoka na tabaka la vumbi kama blanketi la mtoto, unalikunja. Kikoshe kwa maji, kikauke kabisa, rudisha. Kama unakaa karibu na barabara ya vumbi fanya hivi kila mwezi.

Dalili: kimya, vuuu, kimya, vuuu, kila baada ya dakika chache

Pawa saplai yako ina ile hali ya feni kusimama kabisa mzigo ukiwa mdogo, kwenye boksi wanaandika Zero RPM au Hybrid au Eco. Wazo lenyewe ni zuri. Shida inakuja ukiwa unacheza kitu chepesi, au umeacha vichupo arobaini vya Chrome wazi, mzigo unacheza palepale kwenye mpaka, joto linapanda feni inawaka, linashuka inazima, linapanda tena. Sikio la binadamu linavumilia sauti moja ya chini inayoendelea kuliko sauti ndogo inayokuja na kuondoka, na ndo maana mtu mwenye pawa saplai ya bei kali ananipigia simu usiku analalamika kuliko mwenye ya kawaida.

Tiba ni kitufe. Pawa saplai nyingi za aina hii zina swichi ndogo nyuma karibu na ile ya kuwashia, bonyeza uitoe kwenye hali hiyo, feni itazunguka muda wote kwa spidi ya chini sana ambayo kwa kweli huisikii ukiwa umekaa. Na ina faida ya pili, kwa joto letu kapasita zitakushukuru. Kama yako haina kitufe basi punguza joto kwa njia za juu ili isifike kwenye mpaka.

Dalili: inakwaruza, inakoroma, au tik-tik hasa unapowasha asubuhi

Feni. Ama beringi imekwisha, ama kuna waya unagusa, ama vumbi limeganda kwenye panga moja la feni ikapoteza mizani. Tochi ya simu, chungulia kwenye wavu. Waya ukiwa umeingia usogeze huo waya, mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa. Vumbi lipulizie kwa mashine ya kupulizia ukiwa umezuia feni isizunguke kwa kijiti cha plastiki, maana ukiiacha izunguke kwa upepo mkali unaiua beringi mwenyewe.

Ujanja mmoja wa kugundua beringi: inamisha kesi taratibu nyuzi kama 30 huku mashine ikiwa imewaka haina kazi, kama una diski ya kuzunguka ya kizamani usifanye hivi. Sauti ikibadilika au ikapotea ukiinamisha, beringi imechakaa. Feni za bushi, ambazo ndo zinawekwa kwenye pawa saplai za bei rahisi, hazipendi joto wala kulala kifudifudi, na kwenye kesi za leo feni ya pawa saplai inalala hivyo maisha yake yote. Mafuta yanakauka, inaanza kukoroma, mwanzoni asubuhi tu, baadaye siku nzima. Ile ya kuweka tone la mafuta ya cherehani inakupa wiki mbili tatu lakini inakulazimu ufungue pawa saplai, nimeshasema msimamo wangu. Ikiwa na warantii irudishe, ikiwa haina anza kuhesabu hela ya nyingine.

Dalili: bzzzzzz nzito, na inatokea umeme ukikatika tu

Hii nakutana nayo sana na sioni ikiandikwa sana, kwa sababu wenzetu wanaoandika miongozo wanaishi kwenye umeme usiokatika. Mama mmoja alinipigia kwa ajili ya mwanae, akaniambia, "Baba, hii mashine ya kijana wangu umeme ukikatika inavuma kama nyuki, na ukirudi inanyamaza, itatuchomea nyumba?" Ameeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Nikaenda, nikakuta inveta ya bei rahisi na betri moja. Umeme wa ukutani unapanda na kushuka kama wimbi la bahari lililolainika. Zile inveta na UPS za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, kama mtu amechora wimbi kwa vitofali. Taa na TV zinavumilia. Pawa saplai za kisasa zina sakiti ya mlangoni inayojaribu kufuata umbo la wimbi wakati inavuta umeme, ikikutana na ngazi inahangaika, koili na transfoma zinavuma, joto linapanda, na nyingine zinakata kabisa.

Hapa kubadilisha pawa saplai ni kupoteza hela. Badilisha inveta au UPS, chukua ile yenye wimbi safi, kwenye boksi inaandikwa pure sine wave. Maneno kama simulated au modified mbele ya sine wave maana yake ni ngazi zilezile. Na ukubwa wake uangalie kwa wati, achana na ile namba kubwa ya VA, UPS ya 1000 VA nyingi zinabeba wati 600 tu na wewe una mashine ya wati 650 ukutani. Itakata katikati ya mechi.

Yule mama nilimwambia nyumba haitaungua kwa ule mvumo, ila kijana asicheze gemu kubwa umeme ukikatika mpaka wabadilishe inveta, afanye homuweki tu. Akacheka akasema hiyo sehemu ya homuweki nimwambie mwenyewe.

Mlio wa tak mmoja unapozima au kuwasha PC ni swichi ya ndani ya pawa saplai, ni kawaida hata kwenye nzuri. Tak-tak-tak nyingi mfululizo jioni, watu wakiwa wamewasha majiko na AC, hiyo ni stabilaiza inahamisha volti, sogeza stabilaiza mbali na meza.

Dalili: inazima ghafla gemu likichanganya, alafu inawaka yenyewe

Hii si kelele lakini mara nyingi inakuja na kelele. Kadi kubwa zinaruka, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta umeme mwingi kuliko ile namba iliyoandikwa, na RTX 3080 na 3090 za 2020 zilisumbua wengi kwa hilo. Pawa saplai inadhani kuna shoti inakata. Viwango vya ATX 3.0 vya 2022 vilikuja kwa ajili hiyo, vinataka pawa saplai za kadi kubwa zihimili mruko wa mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Kwa hiyo ukinunua leo chukua ATX 3.0 au 3.1, usichukue ya zamani hata kama ni Platinum.

Basi umepima umekuta ni kununua

Wati: jumla ya matumizi yako ikae kwenye asilimia 50 mpaka 60 na kidogo ya pawa saplai. Kwa 4090 mimi naweka 1000. Kwa 5090 na prosesa kama 9800X3D jumla inafika kwenye 750 hivi, naweka 1200 na hata zaidi kama chumba hakina AC. Kwa kadi za wati 300 na kidogo, 850 inatulia vizuri.

Kelele yenyewe: usiamini neno "silent" kwenye boksi, hilo hata mimi naweza kuandika. Kuna kampuni ya Cyprus inaitwa Cybenetics inazipima pawa saplai na kuzipa cheti cha kelele, wanakiita LAMBDA. A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 mpaka 20, A ni 20 mpaka 25, A- ni 25 mpaka 30, alafu zinafuata za Standard. Tafuta modeli yako kwenye orodha yao kwa jina kamili pamoja na wati zake, kwa sababu ya 850 na ya 1200 za jina moja zinaweza kuwa na madaraja tofauti. A- na kuendelea juu ni nzuri, A na A+ usiku chumbani utasahau kama ipo. Kumbuka ongezeko la desibeli 10 sikio linalisikia kama kelele mara mbili, kwa hiyo kati ya 20 na 30 kuna safari.

Feni: kubwa ya milimita 135 au 140 inasukuma hewa ileile kwa spidi ndogo kuliko ya 120. Beringi ya mafuta, wanaandika FDB, ndo tulivu. Beringi ya gololi inavumilia joto na inadumu ila ina sauti kidogo ya kusaga. Bushi achana nayo. Na soma kwenye karatasi ya kiwandani wati zimeandikwa kwa joto gani: nzuri zinaandika wati zote kwa nyuzi 50, za wasiwasi zinaandika 40 au hazisemi kabisa. Kwa mtu wa Dar, Mombasa au Muscat huo mstari mmoja una maana kuliko picha zote za boksini. Warantii ya miaka 10 ni ya kawaida kwa zile nzuri, lakini uliza dukani nani anaipokea ikiharibika, maana warantii ya kusafirisha mpaka nje kwa gharama zako haikusaidii.

Zisizo na feni kabisa zipo, Seasonic wana ya wati 700 ya Titanium. Kwa ofisi yenye AC na kadi ya wastani ni kitu kizuri sana. Kwa 4090 kwenye joto letu siifungi.

Used: kesi, RAM, hata prosesa nanunua used bila wasiwasi. Pawa saplai hapana. Feni na kapasita ndo vitu viwili vinavyochakaa, na ndo vitu viwili unavyovilipia ukitaka ukimya, na hujui imekaa wapi kwenye joto gani miaka mingapi.

Siku ya kufunga

Pima urefu kwanza, za wati 1000 na kuendelea nyingine zinafika milimita 160 mpaka 180 na kesi yako inaweza kuwa na kizimba cha diski pale mbele, waya zikibanwa zinapanda juu zinaziba feni.

Waya za pawa saplai ya zamani ziondoe zote, zote, hata ile ya SATA ya diski ambayo umeifunga vizuri nyuma na unaona uvivu kuitoa. Upande wa kwenye pawa saplai kila kampuni imepanga pini zake, na hata kampuni moja inabadilisha kati ya modeli, plagi inaingia vizuri kabisa lakini volti 12 zinakwenda pasipotakiwa. Nimeona SSD mbili zimekufa kwa sekunde moja na picha za harusi za mtu zimo. Aliponiangalia usoni nilikosa neno.

Ile plagi ndogo ya pini 16 ya kadi kubwa isukume mpaka mwisho, usikie kakitu kamebana, alafu vuta taratibu uone kama inatoka, na usiikunje waya karibu na plagi. Mwishoni mwa 2022 kulikuwa na plagi za 4090 zilizoyeyuka na nyingi zilikutwa hazikuingia kikamilifu. Ile mpya ya 12V-2x6 imefupisha pini za kuhisi ili kadi isivute umeme kama plagi haijakaa, lakini jicho lako bado linahitajika.

Ukimaliza feni iangalie chini, kichujio kiwe safi, kitufe cha Hybrid kiwe kimetolewa kwa wiki ya kwanza. Cheza gemu zito nusu saa mchana wa joto, si usiku, alafu chukua tena lile bomba la karatasi usikilize nyuma. Ukisikia upepo tu bila sauti ya feni yenyewe, funga kifuniko cha kesi.